Gitaa la Pauni 8

Watu wakisema gitaa "limetengenezwa kwa mkono," mara nyingi wanachomaanisha ni "hili ni ghali." Hayo mambo mawili si ndugu, yanaishi ploti moja tu. Kuyatenganisha, chukua magitaa matatu ya umeme. Ukiyapanga kwa bei, utashangaa jinsi mpangilio unavyokataa kufuata kazi ya mkono iliyomo ndani.

La kwanza ni Red Special la Brian May wa Queen, ndiyo, bendi ya Freddie Mercury, yule mtoto wa Unguja. Mwaka 1963 Brian, kijana wa miaka 16, na babake Harold, mhandisi wa vifaa vya elektroniki, walianza kuliunda nyumbani kwao London. Iliwachukua kama miaka miwili. Shingo ilichongwa kutoka kwa mbao kuukuu iliyokuwa juu ya meko. Springi mbili zilitoka kwa pikipiki ya zamani, alama za shingoni ni vifungo vya nguo vya mama, na ncha ya ule mkono wa kutetemesha sauti ni kipande cha sindano ya kufumia. Gharama yote inasimuliwa kuwa kama pauni 8.

Sasa hapa ndipo wengi huishia, kwa ile hadithi tamu ya "walikuwa hawana doo, wakajituma." Mimi naona hiyo ni kuwavunjia heshima. Red Special si gitaa zuri kwa sababu ya umaskini. Ni zuri kwa sababu watu wawili walifikiri. Bamba linaloshika nyuzi linakaa juu ya makali kama ya kisu, ili msuguano uwe mdogo na nyuzi zirudi kwenye sauti yake baada ya kuvutwa. Kila pikapu (na sisemi ile ya kubeba miraa, nasema sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi) ina swichi zake mbili, kwa hivyo gitaa moja linatoa sauti nyingi. Na pikapu walizojitengenezea zilipogoma kusikika vizuri kila akivuta uzi kando, Brian alinunua za dukani, za Burns. Ufundi pia ni kujua pale mkono wako umefika mwisho.

La pili ni lile Stratocaster jeusi la David Gilmour wa Pink Floyd. Alilinunua mwaka 1970 katika duka la Manny's, New York. Gitaa la kiwanda, la kawaida tu. Baadaye likabadilishwa shingo na pikapu, likatobolewa, likazibwa. Mwaka 2019 liliuzwa katika mnada wa Christie's kwa dola 3,975,000. Mnunuzi hakulipia mbao. Alilipia miaka na vidole vya mtu mwingine. Sina shida na hilo, na pesa za mnada ule Gilmour alizitoa kwa shirika la kutetea mazingira. Shida ni pale muuzaji wa gitaa jipya anapoazima bei za minadani ili kukutisha.

Ndiyo maana la tatu linanikera. Fender walianzisha karakana yao ya oda maalum mwaka 1987, na kufikia 1995 walikuwa wanauza magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi: rangi imebanduliwa, vyuma vimeliwa na kutu, kama vile baba yako alilipiga baa miaka 30. Bei yake ni maelfu ya dola. Yaani mtumba kwa kurudi nyuma. Gikomba tunaamka mapema tupate kamera, nguo kuukuu inayokaa mpya. Hawa wanalipa zaidi ili kipya kikae kuukuu. Nakubali kuna mkono pale, na ni mkono stadi. Lakini sehemu ya jasho hilo inakwenda kughushi maisha ambayo mwenye gitaa bado hajaishi.

Tusidhani pia kwamba kiwanda hakina mikono. Leo Fender mwenyewe alikuwa fundi wa redio asiyejua kupiga gitaa, na shingo zake zilifungwa kwa skrubu ili kazi iende haraka. Lakini miaka ya 50 Tadeo Gomez alikuwa akiandika "TG" kwenye vitako vya shingo alizomaliza. Abigail Ybarra, aliyeingia Fender mwaka 1956, alizungusha waya wa pikapu kwa miongo mingi. Leo herufi za majina yao zinapandisha bei, na faida hiyo inakwenda kwa anayeuza. Walipokuwa wanaifanya kazi, walikuwa wafanyakazi tu.

Turudi kwa zile pauni 8. Mafundi wanaonakili Red Special kwa mkono leo wanadai maelfu ya pauni, na wana haki. Brian na Harold hawakujilipa hata senti kwa miaka miwili ya jioni na wikendi. Pauni 8 ni bei ya vifaa. Kwa hivyo bei ile ndogo inadanganya sawa na ile ya mnada: moja imesahau saa za kazi, nyingine imezifunika kwa jina.

Hili linatuhusu. Ukimwendea fundi wa hapa akuundie gitaa, swali la kwanza huwa, "Mbona ya China iko chini?" Kwa sababu ile mashine hailipi rent Kayole, boss. Uliza mengine. Pitisha kiganja kando ya shingo: vile vijiti vya chuma vinakukwaruza? Piga uzi mtupu, halafu uubane katikati kabisa ya urefu wake: sauti ni ileile, juu zaidi, ama imepotoka? Shingo imekaa imara? Likiharibika, yeye mwenyewe atalifungua na kulitengeneza?

Akipita hapo, mlipe saa zake. Akifeli, usimlipe huruma eti ni wa nyumbani, maana huruma haikazi nyuzi. Na akimaliza kazi nzuri, mwambie aandike jina lake pale kwenye kitako cha shingo, lote, si herufi mbili.