Neno "Chanzo" na Maji ya Chini ya Ardhi

Katika taarifa za maji ziandikwazo kwa Kiswahili, neno "chanzo" limebebeshwa mzigo usio wake. Kisima kilichochimbwa Mbagala huitwa chanzo cha maji. Mto Ruvu ni chanzo. Na mvua inayozama katika mchanga wa vilima vya Pugu, nayo ni chanzo. Msemaji wa kawaida hana kosa. Lakini mtaalamu anayechunguza maji ya visima vya Temeke na Kinondoni yatokako, hukuta swali lake limekwisha kujibiwa kabla hajaanza: chanzo ni kisima chenyewe.

Suala hili si la maneno matupu. Baada ya ukame wa 1997 visima vingi vilichimbwa jijini, na maji yake hayana asili moja. Yako ya mvua; yako yavujayo katika mabomba yaliyoyaleta kutoka Ruvu; yako, tusione haya kusema, ya mashimo ya vyoo; na karibu na pwani maji ya bahari hupenya visima vikitekwa kupita kiasi. Mtaalamu huyapambanua kwa kupima naitreti, chumvi, na uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi, maana maji yaliyovukizwa na jua kabla ya kuzama hubaki na nzito nyingi zaidi. Kuyaita yote hayo "vyanzo" ni kukipa choo heshima ya chemchemi, kwani katika lugha ya sheria chanzo ni kitu cha kuhifadhiwa.

"Kujaza upya", kunakopendwa na wafasiri, hakufai. Kunadokeza mtu na ndoo yake. Kiswahili kina "kulisha": mito hulisha ziwa. Basi tendo liwe "mlisho", na kinacholisha kiwe "kilishi", kiwe safi au kichafu. "Chanzo" kibaki mahali tutekapo.

"Mwamba-maji" nalo nina shaka nalo. Wanajiolojia watajibu kwamba kwao hata mchanga ni mwamba. Fundi wa visima wa Kigamboni hatakubali. "Tabaka-maji" litawatosha wote wawili, tena lahesabika: chini ya sehemu kubwa ya jiji liko la juu na liko la chini, yametengwa na udongo wa mfinyanzi, na mlisho wa moja si lazima uwe mlisho wa jingine. Visima virefu vya Kimbiji vimefikia matabaka ya kale zaidi, yenye mchanga ulioshikamana. Huko pengine watetezi wa "mwamba" wangestahili kusikilizwa tena.