Mahari na Njia ya Kurudi Nyumbani

Katika mikusanyiko yetu hapa Washington na vitongoji vyake, kuanzia Silver Spring na Hyattsville hadi Alexandria na Woodbridge, hakuna mazungumzo yanayowagawa watu upesi kama ya mahari. Wazee husema mahari ni heshima. Vijana waliozaliwa au kukulia huku husema ni kuuza mtoto wa kike. Mshenga yuko Laurel, baba mzazi yuko Moshi au Machakos, barua ya posa inapigwa picha na kutumwa kwa simu, na kiasi kinatajwa kwa dola. Kila upande huondoka na msimamo ule ule uliokuja nao.

Badala ya kurudia ubishi huo, tumeona ni vizuri tutazame waandishi wetu wa riwaya zinazosimulia zama zilizopita wametuachia nini juu ya jambo hili. Tumezisoma riwaya nne tukiwa na swali moja: mwanamke aliyeozwa akitaka kurudi kwao, je, njia anayo? Kwa maoni yetu, jibu la swali hilo ndilo linaloitenga mahari na bei, kuliko wingi wa ng'ombe au wa fedha.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Watoto wetu shuleni huku husoma riwaya za Jane Austen, ambamo mali hutoka kwa baba wa binti ikamfuata bibi harusi kwa mumewe. Kiingereza huliita jambo hilo "dowry", na sisi tumelichukua neno hilo hilo na kulibandika juu ya mahari, ambayo hutoka upande wa mwanamume. Hata kwetu desturi si moja. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Katika jamii nyingi za bara ng'ombe huenda kwa baba na ukoo wake. Msomaji anayezitazama desturi tatu kwa neno moja hupotea tangu ukurasa wa kwanza.

Tuanze na Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji kwa miaka mingi, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House waliitoa mwaka 1980 katika vitabu viwili, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake kutoka Ukerewe aliyefundisha Chuo Kikuu cha Georgia hapa Marekani, aliifasiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe, na tafsiri yake ikatoka mwaka 2002.

Kisa kinaanza pale ambapo riwaya nyingi za ndoa huishia. Myombekere na Bugonoka wameshaoana na wanapendana, lakini hawajapata mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke. Habari zinawafikia wazazi wa Bugonoka, nao wanakuja kumchukua binti yao. Mume anabaki na nyumba isiyo na mke, na ili arudishiwe inambidi aende ukweni kwa unyenyekevu, asikilize maneno ya wakwe, kisha alipe faini ya pombe ya ndizi. Kitereza hana haraka hata kidogo. Tunaoneshwa pombe inavyotengenezwa, nani amekuja kusaidia, mgeni anakaribishwaje, mkwe anasalimiwaje. Wako wasomaji wanaolalamika kuwa kurasa hizo zinachosha. Sisi tunaona ndizo zenye kubeba hoja: faini ile inamgharimu Myombekere muda, jasho na msaada wa majirani, na wakati huo wote kijiji kizima kinajua kuwa anarekebisha kosa lililotendwa na jamaa zake. Ndoa ile ina watu nyuma yake pande zote mbili. Bugonoka alipoondoka kwao, mlango haukufungwa.

Lakini tusimsome Kitereza kama mtu anayetazama picha ya harusi. Mlango ule unafunguliwa na mkono wa baba. Ni wazazi wanaoamua Bugonoka aondoke, na wao ndio wanaoamua lini arudi, ingawa moyo wake uko kwa mumewe. Kinga anayopewa ni ya kweli, lakini ni kinga ya binti wa fulani. Asiye na baba wa kuja kumchukua angefanya nini?

Jibu tunalipata kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya Paradise ya mwaka 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Wasomaji wengi humkumbuka Yusuf, kijana aliyetolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kama rehani ya deni. Sisi tunaomba wamkumbuke Amina pia. Naye aliwekwa rehani akiwa mtoto, pamoja na Khalil, na alipokua tajiri akamwoa na deni likafutwa. Hapo ndipo kisu cha mwandishi kilipo. Mahari, ambayo kwa dini ya watu wale wale ilikuwa haki yake mkononi mwake, imegeuka kuwa njia ya kulipa deni la mwanamume mwingine. Ndoa inaonekana halali machoni pa majirani, na hakuna hata mmoja wa kuja na hasira mlangoni kama walivyokuja wazazi wa Bugonoka. Waliomtoa ndio waliodaiwa.

Katika Desertion, riwaya ya mwaka 2005, Gurnah anatupeleka kwenye mji mdogo wa mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Huko yuko Rehana, aliyeolewa na mfanyabiashara kutoka India aitwaye Azad. Mume anaondoka na pepo za msimu na harudi tena. Rehana anabaki si mjane wala si mtalaka. Ndugu zake wanampenda, lakini wamdai nani, na wamtafute wapi? Mwoaji alikuja peke yake. Sisi tuliovuka bahari tukisome kisa hiki mara mbili. Mara ngapi binti ameozwa kwa kijana "wa Marekani" ambaye hakuna aliyewahi kufika mlangoni kwake, wala kumjua jirani yake mmoja?

Riwaya ya nne ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, anaozwa akiwa bado mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa kumzaa. Anamkimbia, na jamaa zake hawamtaki tena. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini kwa Yasmin ngama yenyewe imefungwa. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, ambaye si wa damu yake, si wa jamii yake, wala hakula kitu cha posa yake. Shafi ametuonesha kuwa kinga inaweza kutoka nje ya ukoo. Upungufu tunaouona ni kwamba riwaya haikai sana na wazee waliomwoza. Tungependa kujua walijiambia nini usiku ule, maana wazazi wa namna hiyo hawakuisha na ukoloni.

Sheria nazo zimekuwa zikilizunguka swali hili hili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Ile ya Kenya ya mwaka 2014 inaridhika na kiasi kidogo kama ishara. Nchini Uganda shirika la MIFUMI lilikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa kudai mahari irudishwe ili ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha Katiba. Hukumu hiyo inatukumbusha upande ambao Kitereza hakuukazia. Ng'ombe wanaomlinda mke wanaweza pia kumfunga, ikiwa baba yake ameshawauza na hana cha kurudisha.

Kwa hiyo hatuwaambii wazee waache mahari, wala hatuwaambii vijana wanyamaze. Tunaomba tu kwamba katika kikao kijacho, kabla ya kutaja mkaja wa mama na kilemba cha mjomba, mtu mmoja aulize mambo matatu. Bibi harusi mwenyewe atashika nini mkononi mwake? Bwana harusi ana nani nyuma yake, hapa Maryland au Virginia, wa kuitwa mambo yakiharibika? Na binti akipiga simu saa nane za usiku, ni nyumba ipi itamfungulia bila kumwuliza kwanza habari za fedha zilizotolewa?

Mwenye kutaka kuvisoma vitabu hivi anaweza kuanzia Library of Congress, ambayo ina ofisi Nairobi ya kukusanya machapisho ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1966, na kadi ya msomaji hutolewa bure. Nendeni na mabinti zenu, na wavulana pia msiwaache nyumbani.