Ziwa ni letu, njia ya kufika huko ni ya nani?

Ndugu wasomi, Jumapili moja nilipeleka wadogo zangu kuoga ziwani. Njia tuliyopita tangu utoto tukakuta imefungwa na ukuta. Pembeni kuna baa, na kijana wa mlangoni akaniambia: «Mukubwa, nunua kwanza kinywaji, ndio mupite.» Nilikuwa na franka za pikipiki tu. Tukarudi nyumbani, watoto wamenuna.

Wengine watasema baa inalipa taksi na mji unahitaji pesa. Sawa. Lakini taksi ya baa hainunui njia ya watu wote. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iko wazi: ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya umma haipewi mtu binafsi, mpaka kwanza iondolewe rasmi katika matumizi hayo.

Huko juu milimani, hifadhi ya Itombwe ilitangazwa 2006 bila wenyeji kuulizwa vizuri. Wakalalamika, wakakaa, wakachora ramani za vijiji vyao, na mipaka ikawekwa upya 2016. Ilichukua miaka kumi, lakini leo mpaka upo. Sisi huku chini, toka Kavimvira hadi Kalundu, tumeshagombania mpaka gani wa ufuko?

Maji yenyewe yametuchorea. Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba na kuua watu. Ziwa nalo likapanda, na 2024 likaingia tena ndani ya nyumba za watu. Ogopa siku maji yanaporudi nyuma: hapo ndipo wauza parseli wanaporudi mbele. Atakayenunua ni baba wa watoto sita asiye na pengine pa kwenda, na ziwa likipanda tena ni yeye atakayelala shuleni na familia yake.

Viboko nao wanatoka usiku kutafuta majani. Tukijenga kwenye njia yao, tunakutana nao barabarani, watu wanakufa, halafu tunasema kiboko ni mkorofi. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, wageni wanalipa kuingia Mbuga ya Rusizi ili wawaone.

Ninachoomba si kikubwa. Ardhi ambayo ziwa liliichukua isiuzwe tena. Ipandwe majani na miti, iachwe mapito ya watu na mapito ya viboko. Baa zilizo nyuma yake zibaki, taksi zao zilipe walinzi na usafi, na hesabu zibandikwe mlangoni kwa kila komini kila mtu asome.

Meya na maburugumesta wana kazi yao, ndiyo. Lakini kati yetu kuna waliosoma sheria, wapimaji wa ardhi, watu wa mazingira. Diploma ziko ukutani. Nani ameshaenda kuuliza ukuta ule wa ziwani una karatasi gani?