Kukamua, si Kuvuta

Kabla ya kugusa tumbo la mtoto, daktari wetu hunawa kwa maji ya vuguvugu na kufikicha viganja mpaka vipate joto. Usafi angeupata hata kwa maji baridi. Anachohofia ni kwamba mkono wa baridi ukitua juu ya tumbo la mtoto wa miezi saba, tumbo hukakamaa, na tumbo lililokakamaa haliwezi kupapaswa likaeleweka. Kisha huketi ukingoni mwa kitanda, akangoja. Mtoto analia kwa nguvu, anakunja magoti hadi kifuani, uso unapauka. Halafu kilio kinakatika na mwili wote unalegea kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya dakika kumi au robo saa, maumivu yatarudi. Vidole hushuka katika hicho kituo kifupi.

Nimekuwa nesi wa chumba cha upasuaji miaka mingi, Kanda ya Ziwa, nikisimama ng'ambo ya meza yake na kumkabidhi vifaa. Nimeona operesheni kubwa kuliko hii. Ila hakuna ninayopenda kumtazama akiifanya kama ya utumbo uliomezana.

Kwanza vidole hutafuta utupu: chini upande wa kulia, mahali ambapo utumbo mwembamba hukutana na mpana, tumbo linakuwa kama limehamwa. Kisha hupanda taratibu kuelekea chini ya mbavu, na hapo hukutana na kitu kirefu, laini, chenye mpindo kama ndizi changa. Utumbo umeingia ndani ya utumbo, kama mkono wa sweta unavyobaki ndani mtu akiivua kwa haraka. Ultrasaundi ikipatikana huthibitisha; picha yake ni duara ndani ya duara. Lakini nimeona vidole vyake vikisema kabla ya mashine kuwashwa, na mashine ikakubali.

Kinachonishangaza hadi leo ni udogo wa chanzo. Ukimuuliza mama, mara nyingi atakwambia mtoto alikuwa na mafua juma lililopita, au aliharisha kidogo akapona. Ni virusi vya kawaida, mara nyingi vile vya jamii ya adeno, ambavyo karibu kila mtoto hukutana navyo. Katika ukuta wa mwisho wa utumbo mwembamba kuna mabaka ya tezi za kinga. Virusi vikiingia, mabaka hayo huvimba na kujitokeza ndani ya njia. Utumbo, ambao kazi yake ni kusukuma chakula kwa mawimbi, hukamata uvimbe ule kama tonge na kuusukuma mbele, na ukuta wake wenyewe ukafuata. Watoto wengi sana huugua mafua. Ni wachache mno ambao utumbo wao humezana, wengi wakiwa kati ya miezi 4 na 10.

Mishipa ya damu huvutwa humo humo. Ile laini inayorudisha damu hubanwa kwanza, utumbo unavimba, unatoa ute uliochanganyika na damu, na nepi inakuja na kinyesi chekundu kama jamu ya rozela. Mshipa unaoleta damu ukifungwa nao, kipande kile hufa. Nyumbani wengi huanza kwa kusema ni chango, na siwezi kuwalaumu, maana chango huwaliza watoto wa kila nyumba. Lakini mtoto wa chango hatapiki nyongo ya kijani, wala halegei hivi kati ya kilio na kilio. Laiti kila bibi angelijua hilo, tungewapokea watoto wengi siku ya kwanza badala ya siku ya tatu.

Akiwahi, huenda kisu kisihitajike. Mwaka 1876 Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alianza kuandika jinsi alivyokuwa akiurudisha utumbo kwa maji yaliyopitishwa njia ya haja kubwa. Mwaka 1948 Mark Ravitch wa Baltimore akaonyesha kwamba kazi hiyo ingeweza kufanywa kwa mpango, huku daktari akifuatilia kwa eksirei. Siku hizi hutumika hewa au maji, na kanuni ya zamani ya maji bado inafundishwa: chombo kisiinuliwe zaidi ya sentimita 90 hivi, kila jaribio lisizidi dakika 3, na majaribio yasipite 3. Ninaipenda kanuni hiyo kwa sababu inamwekea mtu mpaka mapema, kabla hamu ya kufaulu haijampanda kichwani. Utumbo ukiwa umetoboka, au tumbo limekwisha kuingia uchafu, njia hiyo haiguswi kabisa. Wengi wa watoto wetu huja wakati mlango huo umeshafungwa.

Basi huwekwa dripu kwanza. Daktari hapelekwi mbio na mtu. Mtoto aliyekauka maji hafai kulazwa usingizi. Akiwa tayari, mkato hupita kando ya kitovu, upande wa kulia, na utumbo hutolewa nje ya jeraha kwa vidole viwili.

Hapa ndipo wanafunzi hukosea, wote, bila mmoja kubaki. Wanaona utumbo mwembamba ukizama ndani ya mwenzake, na mkono unakwenda wenyewe kuuvuta utoke. Intani mmoja alikuwa ameshaushika.

"Usivute, mwanangu," daktari alimwambia, bila kupandisha sauti. "Huo ukuta umelowa. Utachanika kama karatasi."

Alimfanya aweke kiganja upande wa mbali kabisa, pale ncha ya utumbo uliomezwa ilipofika, na kukamua kurudi nyuma, kama mtu anayekamua dawa ya meno kutoka mkiani. Kabla ya hapo, kwa dakika kadhaa, daktari mwenyewe aliubana uvimbe ule kwa shashi yenye maji ya chumvi ya vuguvugu, kuutoa maji ya ndani yake. Ukiangalia kwa mbali ungedhani amesimama tu. Ukiwa karibu unaona vidole vikikaza, vikikaa, vikilegea nukta moja, vikikaza tena. Utumbo hutoka sentimita kwa sentimita, na kipande cha mwisho ndicho kigumu, maana kimekaa ndani muda mrefu kuliko vyote. Hapo ndipo nimemwona akitoa mikono kabisa, akanyoosha mgongo, kisha akarudi.

Mwaka 1871 huko London, Jonathan Hutchinson alifungua tumbo la mtoto wa miaka miwili, akaurudisha utumbo na mtoto akapona. Ndiye wa kwanza anayetajwa kufaulu kwa mtoto. Hakuwa na dripu wala antibiotiki. Mikono alikuwa nayo, na nadhani yeye pia alikamua.

Siku ile ya yule intani, utumbo ulipotoka wote ulikuwa wa zambarau iliyoiva, karibu na weusi. Ukifa, hukatwa na ncha mbili huunganishwa, lakini daktari hakuomba mkasi. Aliufunika kwa vitambaa vya moto.

"Sista, soma saa."

Nilisoma. Mtaalamu wa usingizi aliongeza oksijeni. Hakuna aliyesema neno. Intani alikuwa akitazama kitambaa kana kwamba macho yangeweza kukipenya, na daktari akamwambia atazame saa badala yake.

Zilipotimia dakika kumi alifunua. Rangi ilikuwa imepanda: nyekundu kwanza kingoni, halafu waridi ikienea kuelekea katikati. Aliweka ncha ya kidole karibu na mshipa unaopita kwenye utando wa utumbo, akakaa nacho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha wimbi dogo likaanza lenyewe juu kidogo ya pale, likapita taratibu chini ya kidole chake, likafika mahali palipokuwa pamefungwa, likavuka.