Nasaba ya Mgomba na Mipaka ya Chupa: Tahakiki ya Dhana ya Kanuni Moja katika Ukuzaji wa Tishu

Makumira, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mgomba ni chakula cha binadamu, lishe ya ng'ombe na kivuli cha kahawa. Kwa hiyo swali la maabara hapa ni swali la shamba pia: je, mafanikio ya miche ya chupa hutokana na ustadi wa fundi au na nasaba ya mmea? Maelezo yaliyozoeleka humpa fundi sifa zote.

Msingi wa maelezo hayo ni kazi ya Skoog na Miller ya mwaka 1957. Wataalamu hao walionesha kwamba, katika tishu za tumbaku, oksini ikizidi hutoka mizizi, na sitokinini ikizidi hutoka machipukizi. Ugunduzi huo ungali imara. Udhaifu umo katika kuutumia: tumbaku huitikia kwa wepesi, lakini kanuni yake imechukuliwa kana kwamba ni ya mimea yote.

Mgomba unaikanusha dhana hiyo. Mchare una seti mbili za kromosomu (AA), jumla 22. Matoke ina seti tatu (AAA), jumla 33. Mzuzu una seti tatu pia, lakini moja ni ya jenomu B (AAB). Zikiwekwa katika virutubisho vilevile, aina hizi hutofautiana kwa idadi ya machipukizi na kwa kiwango cha tishu kuwa nyeusi baada ya kukatwa. Tofauti huongezeka zaidi mmea unapotakiwa kuundwa upya kutokana na seli.

Hata hivyo, si sahihi kuziachia jeni kila kitu. Ncha ya chipukizi na kipande cha jani vya mgomba mmoja vina jeni zilezile, lakini ncha huchipua kwa urahisi na jani kwa shida. Jeni huweka mipaka. Aina ya tishu na homoni huamua ni zipi zitakazofanya kazi ndani ya mipaka hiyo.

Athari ya kupuuza jambo hili ni kubwa. Maabara inayopimwa kwa wingi wa miche tu itavutwa kuzalisha aina zinazoitikia haraka. Mkulima atapokea mgomba uliokubali chupa, ambao huenda usiwe ule unaotakiwa chunguni. Aidha, mche safi wa mchare hurithi udhaifu wa mama yake mbele ya mnyauko fuzari: chupa huondoa vimelea, haibadili nasaba. Ukinzani hutafutwa kwa uzalishaji wa chotara, kazi ambayo pia inafanyika Arusha.

Kwa hiyo, kanuni ya ukuzaji wa tishu isiyotaja aina ya mgomba iliyojaribiwa haijakamilika, na haifai kupewa mkulima wa Meru kama ahadi.