Parseli ina mwenyewe, uwanja ni wa nani?

Wandugu wanafunzi na wahitimu, leo niseme juu ya komite zetu za wenye parseli hapa Uvira. Leta ikigusa nyumba ya mtu, komite inapiga kelele. Ikigusa njia ya kushuka ziwani, uwanja wa mpira ao makaburi, komite inanyamaza. Juu ya nini? Juu hakuna mwenye karatasi yake. "Kila mutu aangalie parseli yake", basi.

Wengine wanajitetea: sheria ya 20 Julai 1973 ilishasema udongo wote ni wa Leta, tutafanya nini? Ni kweli, lakini hawakuisoma yote. Kifungu cha 55 cha sheria hiyo hiyo kinasema udongo unaotumiwa na umma haugawiwi mtu mpaka kwanza uondolewe rasmi katika matumizi hayo. Kwa hiyo uwanja ukianza kupimwa, swali la komite ni moja: karatasi ya kuuondoa iko wapi?

Na pale wenyeji wana haki ya pamoja, Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja na mali ya pamoja, hata iliyopatikana kwa desturi. Leta ikiichukua kwa faida ya wote, malipo ya haki yatangulie. Sheria ya 22 Februari 1977 inaongeza: wenyeji waelezwe kwa mdomo, palepale, mbele ya wawakilishi wao, na PV iandikwe. Malalamiko yana mwezi mmoja tu.

Sasa, hao wawakilishi ni nani? Hapa ndipo ninawalaumu wakubwa wetu wa komite. Komite nyingi zinajua kuchanga pesa za matanga, lakini hazina utu wa kisheria ambao sheria ya 2001 ya mashirika inaruhusu kuomba. Mwezi unaishia kwenye mikutano na barua za kumulilia meya.

Tusisahau Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika na kubomoa nyumba. Aliyepoteza parseli siku ile alihitaji mahali pa wote. Tukiacha pa wote paishe, maji yakirudi tutakimbilia parseli ya nani?

Wewe uliyesoma droit, komite ya avenue yenu inakungoja. Nenda na sheria mkononi.