Kukata Neno kwa Namba

Katika Python, lugha ya programu ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, neno ni herufi zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na namba ya nafasi yake. Hesabu huanza na sifuri: katika kitabu, k iko nafasi ya 0 na u iko nafasi ya 5. Kitabu kikihifadhiwa kwa jina neno, anayeandika neno[0] hupata k. Namba hasi huhesabu kutoka nyuma, kwa hiyo neno[-1] ni u, hata urefu wa neno usipojulikana. Akiomba neno[6], programu husimama na kutoa kosa.

Utamu wa kazi hii umo katika kukata. neno[0:2] hutoa ki: nafasi ya 0 na ya 1 zimo, ya 2 haimo. Wanaoanza huona wamepunjwa herufi. Mwaka 1982 Edsger Dijkstra, Mholanzi, aliutetea utaratibu huu: mwisho ukitoa mwanzo ndio urefu wa kipande, na kipande kimoja kinapoishia ndipo kingine kinapoanzia. Ndiyo maana neno[:2] na neno[2:], yaani ki na tabu, vikiunganishwa hurudi kitabu kamili, bila herufi kupotea wala kujirudia.

Kwa Kiswahili, kisu hiki ni kikali kwelikweli. "vi" + neno[2:] huleta vitabu. Kiti na kijiko hufuata njia ileile, na chakula huwa vyakula kwa "vy". Lakini chai nayo hugeuka vyai, maana mkato huona herufi tu. Fundi makini huandaa kwanza orodha ya maneno yasiyoguswa.

Neno la asili halibadiliki. Kuandika neno[0] = "v" ni kosa; hujengwa neno jipya, na kitabu hubaki kilivyokuwa.

Mtihani mgumu zaidi ni ng'ombe. Sikio husikia ng' kama sauti moja, ilhali Python huhesabu alama tatu: n, g na ritifaa. Neno zima lina 7, na sauti ya kwanza hupatikana kwa neno[:3]. Tena ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, si sawa na iliyonyooka ya kibodi. Msimbo unaotafuta ng' iliyonyooka humpita ng'ombe wa ritifaa iliyopinda bila kumwona.